Vali mpya ya moyo leo, kesho nyumbani: Tiba ya katheta ilivyopunguziwa mizigo

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA amelala chali juu ya kitanda chembamba katika chumba cha katheta, macho yake wazi, akizungumza na muuguzi aliyesimama karibu na kichwa chake. Hakupewa nusu kaputi, wala hakuna mpira uliopenyezwa kooni kumsaidia kupumua. Amepigwa sindano ya ganzi kwenye kinena, na kupitia tundu lisilozidi unene wa kalamu, daktari anapandisha hadi moyoni vali mpya iliyokunjwa na kubanwa kwenye ncha ya mrija.

Baada ya saa moja hivi kazi imekwisha. Saa chache baadaye mgonjwa huyo, ambaye aghalabu amevuka umri wa miaka 75, huinuliwa na kutembezwa wodini. Kesho yake, mambo yakienda vizuri, hurejea nyumbani.

Huo ndio utaratibu unaozidi kuenea katika vituo vya moyo vya Canada, Ulaya na Marekani kwa wagonjwa wanaofaa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 tiba hiyo hiyo ilihitaji chumba cha upasuaji kilichojaa watu na mitambo, na mgonjwa aliweza kukaa hospitalini wiki nzima au zaidi.

Vali zenyewe zimeboreshwa sana tangu wakati huo. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko imetokana na madaktari na wauguzi kukaa chini na kujiuliza, hatua baada ya hatua, kama kila walichokuwa wakimfanyia mgonjwa kilimsaidia kweli au kilifanywa kwa mazoea tu.

Mlango unaogoma kufunguka

Moyo una vali nne, na vali ya aota ndiyo mlango wa mwisho ambao damu hupita kabla ya kusambaa mwilini. Mlango huo hufunguka na kufungwa takriban mara 100,000 kwa siku. Kadiri umri unavyosonga, madini ya chokaa hujikusanya kwenye vipande vyake vitatu hadi vikakakamaa. Kwa mtu mwenye afya nafasi ya kupitishia damu huwa na sentimita za mraba 3 hadi 4. Ikipungua chini ya 1, madaktari huhesabu kuwa ugonjwa umefikia hatua kali.

Moyo hauachi kazi mara moja. Misuli yake hunenepa ili kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na kwa miaka mingi mhusika huweza asihisi chochote. Kisha huanza kuhema akipanda ngazi, kubanwa na kifua, ama kuzirai ghafla. Wengi hudhani ni uzee. Ndugu nao husema mzee amechoka, na miezi hupita.

Hakuna dawa ya kumeza inayoweza kuyeyusha chokaa hiyo. Ukubwa wa hatari ulionekana wazi katika utafiti ulioitwa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha wagonjwa 358 ambao madaktari walikubaliana kwamba hawangestahimili upasuaji wa kufungua kifua. Kati ya waliopewa matunzo ya kawaida, asilimia 50.7 walifariki dunia ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliowekewa vali kwa katheta, kiwango kilikuwa asilimia 30.7. Ni mara chache tiba yoyote ya moyo imeonyesha tofauti kubwa kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo, kuharakisha tiba hii kunagusa uhai wa watu. Mgonjwa mwenye dalili anayesubiri miezi kadhaa kwa kuwa hakuna kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, au kwa kuwa daktari wa usingizi amejaa kazi, anaweza kufa akiwa kwenye foleni.

Kutoka buchani Denmark hadi Rouen

Upasuaji wa kubadilisha vali ya aota umekuwapo tangu mwaka 1960. Unahitaji kupasua mfupa wa kifua, kuusimamisha moyo na kuiachia mashine kazi ya kuzungusha damu. Ni tiba nzuri na hadi leo ina nafasi yake. Tatizo ni kwamba ugonjwa wenyewe huwapata zaidi wazee, ambao wengi wao wana figo, mapafu au mifupa isiyoweza kuhimili msukosuko huo.

Mwaka 1989 daktari kijana wa Denmark, Henning Rud Andersen, aliwaza kwamba vali ingeweza kushonwa ndani ya kizimba cha waya, ikakunjwa juu ya puto na kupitishwa kwenye mshipa. Alitengeneza za kwanza kwa mikono yake, akitumia vali za nguruwe alizozipata buchani. Mei 1 mwaka huo alimwekea nguruwe aliye hai vali ya aina hiyo. Majarida ya kitabibu hayakuwa na haraka ya kumsikiliza. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1992.

Aliyethubutu kwa binadamu ni Profesa Alain Cribier wa mji wa Rouen, Ufaransa, ambaye tayari mwaka 1985 alikuwa amejaribu kupanua vali zilizokakamaa kwa puto na kuona jinsi zilivyorudi kujifunga baada ya miezi. Aprili 16, 2002 alipokea mwanamume wa miaka 57 aliyekuwa mahututi, ambaye madaktari wa upasuaji hawakuwa tayari kumgusa. Mishipa ya miguu ya mgonjwa huyo ilikuwa imeharibika, hivyo Cribier alipitia kwenye vena, akatoboa ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo, akaizungukia vali kutoka nyuma. Vali mpya ilifanya kazi. Mgonjwa aliishi miezi minne na kufariki kwa matatizo mengine yasiyohusu vali hiyo. Cribier mwenyewe alifariki dunia Februari 2024, baada ya kuona tiba yake ikiwafikia mamia ya maelfu ya watu.

Njia aliyoipita ilikuwa ngumu mno kufundishika. Dk. John Webb wa Vancouver, Canada, ndiye aliyesaidia kuifanya iwe ya kawaida zaidi, kwa kupandisha vali moja kwa moja kupitia ateri ya kinena. Hadi sasa hiyo ndiyo njia inayotumika kwa wagonjwa walio wengi.

Mizigo iliyorundikana

Katika miaka ya mwanzo, wagonjwa waliopelekwa kwa tiba hii walikuwa dhaifu kupita kiasi na vifaa vilikuwa vinene. Mrija wa kupitishia vali ulifikia kipenyo cha milimita 8, karibu sawa na kidole cha mtoto, na ulihitaji ateri ya kinena ipasuliwe na kushonwa. Kwa hiyo ilionekana busara kumlaza mgonjwa kwa nusu kaputi, kumwingizia kooni kipimo cha mawimbi ya sauti cha kutazama moyo, kumwekea mpira wa mkojo, mrija mkubwa shingoni, waya wa betri ya muda moyoni, kisha kumpeleka katika chumba cha wagonjwa mahututi. Timu ya upasuaji wa kifua ilisimama pembeni, tayari kwa lolote.

Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na sababu yake. Hata hivyo, kila kimoja kilikuwa na gharama pia. Mpira wa mkojo huleta maambukizi. Nusu kaputi hushusha shinikizo la damu na huweza kumwacha mzee katika hali ya kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa. Naye mtu wa miaka 85 anayelazwa kitandani siku tano hupoteza nguvu za miguu ambazo huenda asizipate tena. Wapo waliotoka na vali nzuri lakini hawawezi tena kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Kadiri vali zilivyoboreshwa, mirija ilisinyaa hadi kipenyo cha chini ya milimita 5 kwa saizi nyingi. Tundu likawa linazibwa kwa nyuzi maalumu zinazotegwa kabla ya kazi kuanza, bila kupasua. Picha za CT Scan zikawezesha kupima mapema, kwa usahihi wa milimita, mduara wa vali na unene wa mishipa ya kinena. Daktari akawa anaingia chumbani akijua saizi ya vali atakayoiweka, hivyo haja ya kipimo kile cha kooni ikapungua sana.

Rouen kwenyewe, madaktari walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 100 waliotibiwa kwa ganzi na picha za eksirei pekee. Wenzao wengi wa Ulaya na Marekani walihofia kumtibu mgonjwa akiwa macho. Jibu lenye uzito lilitoka Ujerumani mwaka 2020, katika utafiti wa SOLVE-TAVI uliowagawa kwa kura wagonjwa 447, baadhi wakipewa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza na wengine nusu kaputi. Matokeo ya siku 30 yalilingana, huku kundi la ganzi likiwa na uhitaji mdogo zaidi wa dawa za kupandisha shinikizo la damu kuliko kundi la nusu kaputi.

Hatua nyingine ni ndogo ukiitazama peke yake. Vali inayopanuliwa kwa puto huhitaji moyo uendeshwe kasi sana kwa sekunde chache, mapigo takriban 180 kwa dakika au zaidi, ili msukumo wa damu usiitupe vali nje ya mahali pake. Zamani waya wa kufanya kazi hiyo ulipitishwa kwenye vena hadi upande wa kulia wa moyo, na mara moja moja ulitoboa ukuta wake mwembamba. Madaktari wa Ufaransa walionyesha mwaka 2019, katika utafiti wa EASY TAVI wa wagonjwa zaidi ya 300, kwamba umeme unaweza kupitishwa kwenye waya ule ule unaoiongoza vali, ambao tayari uko ndani ya chumba cha kushoto. Tundu moja likapungua, muda ukapungua, na gharama pia.

Wauguzi wa Vancouver

Aliyeandika mengi kuhusu kupanga hatua hizo ziwe utaratibu mmoja ni timu ya Vancouver, ikiongozwa na Dk. David Wood, Dk. Webb na muuguzi mtafiti Sandra Lauck. Jina la Lauck linastahili kutajwa, kwa sababu katika mfumo huo kazi ya kuamua kama mgonjwa atalala siku moja au tano inafanyika zaidi wodini kuliko kwenye meza ya katheta.

Maandalizi huanza kabla mgonjwa hajafika. Huulizwa nani atampokea nyumbani, nani atalala naye usiku wa kwanza, na kama anaelewa kuwa anatarajiwa kuondoka kesho yake. Mzee anayeishi peke yake ghorofa ya tatu bila lifti hapangiwi kama mwingine. Akitoka kwenye chumba cha katheta, mirija huondolewa mapema, hupewa chakula, na baada ya saa nne hivi za kulala chali huanza kutembea. Anapoondoka, muuguzi humpigia simu kumjulia hali.

Utaratibu huo ulijaribiwa kwa wagonjwa 411 katika vituo 13 vya Canada na Marekani, vikiwamo vyenye wagonjwa wachache kwa mwaka, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Asilimia 80 waliruhusiwa siku iliyofuata, na takriban asilimia 90 walikuwa wameondoka ndani ya saa 48. Waliofariki au kupata kiharusi ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 2.9.

Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa msomaji makini atagundua kwamba utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, na wagonjwa walichujwa kabla ya kuingizwa. Ndiyo maana utafiti mwingine, BENCHMARK, ulipima hospitali 28 za Ulaya kabla na baada ya kufundishwa mbinu hizo, kwa wagonjwa zaidi ya 2,400. Wastani wa kukaa hospitalini ulishuka kutoka siku 7.7 hadi 5.8, bila ya madhara kuongezeka. Pungufu hilo ni la siku mbili tu, na bado liko mbali na la Vancouver. Mazoea ya hospitali hayang'oki kwa semina moja.

Nani anafaa, nani hafai

Neno "wanaofaa" limebeba mengi. Kwanza ni mishipa ya kinena: lazima iwe mipana na isiyojikunja au kujaa chokaa kupita kiasi. Mgonjwa ambaye vali yake itapitia kifuani au shingoni hayumo katika njia hii ya mkato. Pili, anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi, au asiyeweza kutulia, huenda akahitaji nusu kaputi.

Tatu, na hapa ndipo wasiwasi mkubwa ulipo, ni umeme wa moyo. Nyaya za asili zinazoendesha mapigo hupita milimita chache tu chini ya vali ya aota. Vali mpya inapopanuka huweza kuzibana, na moyo ukapunguza mapigo kiasi cha kuhitaji betri ya kudumu. Katika utafiti wa Vancouver asilimia 5.7 waliwekewa betri. Kwa baadhi ya aina za vali kiwango huwa kikubwa zaidi. Balaa ni kwamba wakati mwingine tatizo hujitokeza siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa sebuleni kwake.

Kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo ndicho kinachoamua. Mgonjwa aliyekuja na hitilafu ya zamani kwenye tawi la kulia la nyaya hizo haruhusiwi haraka, na betri ya muda huachwa mahali pake. Kipimo kisipobadilika kabla na baada ya kazi, hatari hushuka sana. Baadhi ya vituo vilithubutu hata kuwaruhusu wagonjwa waliochaguliwa kwa makini siku ile ile, hasa mwaka 2020 wakati wa janga la Corona vitanda vilipoadimika, lakini hilo halijawa jambo la kila mahali.

Umri nao una uzito. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 iliweka miaka 75 kuwa mpaka wa kupendelea katheta, na ile ya mwaka 2025 ikaushusha hadi 70. Kwa walio vijana zaidi upasuaji unabaki chaguo la kwanza, kwani vali za tishu za ng'ombe au nguruwe huchakaa. Utafiti wa PARTNER 3 kwa watu wasio na hatari kubwa ulionyesha mwaka 2019 kwamba katheta iliutangulia upasuaji baada ya mwaka mmoja: vifo, viharusi na kurudi hospitalini vilikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 15.1. Ilipofika miaka mitano, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha tena tofauti ya kutegemewa kati ya njia hizo mbili.

Urahisishaji umeingia hata kwenye dawa. Kwa miaka mingi wagonjwa waliondoka na aspirini pamoja na klopidogreli, kwa miezi mitatu hadi sita. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2020, POPular TAVI, uligundua kwamba asilimia 26.6 ya waliopewa zote mbili walivuja damu ndani ya mwaka, ikilinganishwa na asilimia 15.1 ya waliotumia aspirini pekee. Aidha, vichujio vinavyowekwa kwenye mishipa ya shingo ili kunasa chembe zisifike ubongoni, ambavyo vilitazamiwa kuzuia viharusi, havikuonyesha faida hiyo katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2025 kwa wagonjwa 7,635: asilimia 2.1 walipata kiharusi wakiwa navyo, na 2.2 bila ya kuwa navyo.

Bei isiyorahisishwa

Kuna kitu kimoja ambacho kazi yote hiyo haijakigusa, nacho ni bei ya vali yenyewe. Nchini Marekani vali moja huuzwa kwa takriban dola 30,000. Kupunguza siku za kulala na idadi ya watu chumbani huokoa fedha nyingi kwa hospitali za nchi tajiri, lakini kwa familia ya Dar es Salaam au Nairobi inayojilipia, sehemu kubwa ya gharama inabaki pale pale.

Afrika Mashariki ina vyumba vya katheta na wataalamu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huzibua mishipa ya moyo na kuweka betri kwa njia hiyo hiyo ya tundu dogo. Tofauti ni ugonjwa. Vali nyingi zinazoharibika katika nchi hizi haziharibiwi na uzee bali na homa ya rumatiki, inayofuatia maambukizi ya koo utotoni. Utafiti wa REMEDY uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wagonjwa 3,343 kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu yao wana umri usiozidi miaka 28.

Vali za katheta zilibuniwa zijishikize kwenye chokaa. Vali ya kijana aliyeugua rumatiki mara nyingi haina chokaa ya kutosha. Imekunjamana na inavuja, na vali mpya inaweza kuteleza. Zaidi ya hayo, vali itakayochakaa baada ya miaka 10 au 15 si zawadi sawa kwa mtu wa miaka 28 na kwa mzee wa miaka 80.

Jaribio la kutafuta jibu linafanyika Cape Town, Afrika Kusini, mji ambamo Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mwaka 1967. Profesa Peter Zilla na wenzake, kupitia kampuni iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, wamekuwa wakibuni vali isiyotegemea chokaa, inayopandishwa kwa puto lenye uwazi katikati. Damu huendelea kupita wakati puto limejazwa, hivyo hakuna haja ya kuukimbiza moyo kwa umeme, na daktari hupata muda wa kuiweka vali sawasawa bila mitambo ya gharama kubwa ya picha. Lengo lao ni hospitali za wilaya na mikoa ambazo hazina timu ya upasuaji wa moyo.